Fitina ya Mdomo wa Ndege

Anayeamini kwamba hadithi ya fantasia haimshiki mtazamaji bila binadamu wa kujifananisha naye, aketi aitazame The Dark Crystal. Katika filamu hiyo ya Jim Henson na Frank Oz, iliyotoka Desemba 1982, hutaona binadamu hata mmoja. Ni vikaragosi mwanzo mwisho, vilivyotokana na michoro ya Mwingereza Brian Froud. (Sisi tuliolelewa na Sungura na Fisi hatuoni ajabu.)

Walio karibu nasi kwa sura ni Jen na Kira, vijana wa kabila la Gelfling. Jen alichezeshwa na Henson mwenyewe. Hata hivyo, kwangu hao ndio dhaifu kuliko wote. Uso wa mtu tumeusoma tangu tukibebwa mgongoni. Kope ikichelewa, shavu lisipoufuata mdomo, tunashtuka mara moja. Na ndani ya kichwa kidogo kama kile, fundi atazificha wapi nyaya za kuchezesha kila msuli?

Sasa mtazame waziri wa Skeksis, watawala waovu wenye sura ya ndege, yule mnafiki aliyechezeshwa na Oz. Hakuna aliyewahi kuona ndege mzee ndani ya majoho yaliyochakaa akipika fitina, kwa hiyo hakuna wa kumsahihisha. Mchezeshaji husimama ndani ya mwili huo, mkono mmoja ameuinua juu ya kichwa chake kuendesha shingo na mdomo, mwingine umekuwa mkono wa kiumbe. Haoni nje, anajifuata kwenye televisheni ndogo iliyofungwa kifuani. Wenzake wanavuta nyaya za macho. Watu kadhaa, hila moja.

Mfalme wao anapokaribia kukata roho, waziri anausogeza mkono wake kwa kunyatia kuelekea fimbo ya enzi. Vidole vinasogea, vinasita, vinasogea tena. Mgonjwa anazinduka, anaing'ang'ania. Nani hajawahi kuuona mkono wa namna hiyo kwenye msiba wenye urithi? Baadaye waziri anashindwa katika kugombea kiti, na wenzake wanamrarulia nguo zote. Chini ya fahari ile yote kumbe kulikuwa na mifupa tu. Nilimhurumia, na sikupenda kumhurumia.

Mwanzoni Skeksis walikuwa wazungumze lugha ya kubuni, pasipo tafsiri kwenye skrini. Watazamaji wa majaribio walipotea, ikabidi Kiingereza kipachikwe juu ya midomo iliyokwisha kurekodiwa. Nawaelewa waliolalamika, kwani filamu ina mambo mengi ya kufuatilia. Lakini zima sauti kwenye kifo cha mfalme uone: hakuna kinachopotea. Mwigizaji wa maigizo ya kimya Jean-Pierre Amiel alikuwa amewafundisha wachezeshaji jinsi kila jamii inavyotembea na kupumua, na mafunzo hayo yanaonekana hata kwa jamii nyingine ya filamu hiyo, wazee wapole wa polepole, ambao waliowachezesha walitembea wamejikunja huku mkono mmoja umenyooshwa mbele kubeba kichwa kizito.

Mwaka 2019 Netflix ilitoa tamthilia ya vipindi 10 kuhusu ulimwengu huohuo, bado kwa vikaragosi. Nyuso za Gelfling zimeboreshwa sana. Wanakunja uso, wanalia, na kuna nyakati nilisahau kwamba ni vikaragosi. Waziri sasa yuko mikononi mwa Warrick Brownlow-Pike, na kila anapoingia chumbani bado ni yeye ninayemtazama.