Nani Anayempa Mtu Jina la Shujaa?

Kila mwaka tarehe 16 na 17 Januari ofisi za serikali katika nchi yetu hufungwa. Siku ya kwanza tunamkumbuka Mzee Laurent-Désiré Kabila, siku ya pili Patrice Emery Lumumba, na wote wawili wanaitwa Mashujaa wa Taifa. Watoto wa shule wanayajua majina haya ya heshima kama wanavyojua mbili mara mbili. Lakini ukimwuliza mmoja wao nani alimpa Lumumba jina hilo, na lini, atanyamaza. Na pengine mwalimu wake pia.

Basi tulitazame jambo lenyewe. Lumumba alikuwa Waziri Mkuu wetu wa kwanza, mwaka 1960. Tarehe 14 Septemba mwaka ule Kanali Mobutu alitangaza kwamba anawaweka kando wanasiasa. Mwanzoni mwa Desemba askari wake walimkamata Lumumba njiani, akijaribu kufika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Wakamfunga Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 akapelekwa Katanga, akauawa usiku ule ule. Novemba 1965 Mobutu akatwaa serikali yote. Na tarehe 30 Juni 1966, sikukuu ya uhuru, Mobutu yule yule akasimama mbele ya watu akamtangaza Lumumba kuwa Shujaa wa Taifa.

Hatusemi kwamba Lumumba hakustahili. Twasema kwamba jina lilitoka katika mkono uliomfunga. Marehemu hawezi kukataa zawadi, wala hawezi kumwuliza mtoaji alikuwa wapi siku ile. Anayemvika shujaa taji husimama karibu naye, na nuru ya shujaa humwangukia yeye pia. Tangazo lile halikumpeleka mtu yeyote mbele ya waamuzi. Wala halikumpa marehemu kaburi, kwa maana mwili wake ulikuwa umekwisha kuyeyushwa kwa asidi. Lililobaki ni jino, nalo lilirudishwa kutoka Ubelgiji Juni 2022, likazikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi ule. Hesabuni wenyewe: miaka 56 alikuwa shujaa asiye na kaburi. Jina lilipatikana upesi, haki ikachelewa. Na labda jina ndilo lililofanya watu wasiulize tena habari ya haki.

Baadaye Mobutu alijipatia majina yake mwenyewe: Rais Mwasisi, Mwongozi, Baba wa Taifa, na mwaka 1982 Marshali. Mwaka 1972 alibadili hata jina lake la kuzaliwa, likawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga. Wakati ule ule Wakristo walikatazwa majina yao ya ubatizo, na Yosefu akabaki Yosefu nyumbani na kanisani tu. Aliyejiongezea majina aliwapunguzia wengine.

Ng'ambo ya maziwa, Tanganyika, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Julius Nyerere alifundisha kwanza Tabora, kisha Pugu, hata mwaka 1955 alipoacha kazi ya shule kwa ajili ya chama cha TANU. Watu walimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu. Ni jina la kazi, lenye vumbi la chaki, na mtu yeyote wa kijijini anaweza kulipima. Mwaka 1985 aliacha urais. Hakuna aliyeacha kumwita Mwalimu, hata alipokufa mwaka 1999 na baada yake. Tena kuna neno ambalo wasomaji wetu watalipenda. Jimbo la Musoma lilifungua kesi yake, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Katika kesi ya namna hiyo mashahidi huapishwa, na wenye neno baya juu ya marehemu husikilizwa sawa na wenye neno jema. Taifa gani limewahi kumpima shujaa wake hivyo?

Na Mzee wetu? Kwa Kiswahili chetu mzee ni kila mtu aliyetutangulia; kila nyumba ina wake. Wapiganaji walimwita Kabila hivyo kabla hajaingia Kinshasa Mei 1997, nalo jina hilo halina ubaya. Lakini la pili, Shujaa wa Taifa, alilipewa baada ya kuuawa tarehe 16 Januari 2001, na aliyetawala wakati ule ni mwanawe. Mtoto kumheshimu baba yake ni amri ya nne. Ila hukumu ya taifa zima haitolewi na mtoto wa marehemu.

Sisi wa Ituri tumeonja pia jambo hili karibu na mlango. Desemba 2004 wakubwa kadhaa wa makundi ya silaha walipewa na serikali cheo cha jenerali, na udongo juu ya makaburi ya vita vya 1999 hadi 2003 ulikuwa haujakauka. Mmoja wao alihukumiwa mwaka 2014 na mahakama ya kimataifa ya La Haye. Wenye kufiwa, hapa Bunia na vijijini, walisikia cheo kabla ya kusikia hukumu. Kwa miaka kumi walimsikia akitajwa jenerali.

Hata maji yamepewa vyeo. Ziwa lile unaloliona ukishuka Kasenyi liliitwa Ziwa Mobutu Sese Seko tangu miaka ya 1970, na Ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada. Wawili hao walijigawia. Wenyeji wa Bunyoro upande wa pili walikuwa na jina lao, Mwitanzige, mwua nzige. Mobutu alipoanguka mwaka 1997 jina lake lilifutika katika ramani, na Mwitanzige halikurudishwa. Lilirudishwa la Albert, mume wa malkia wa Uingereza, aliyekufa mwaka 1861, zaidi ya miaka miwili kabla Baker hajafika ufukoni na kulibandika jina lake juu ya maji ambayo hakuyaona kamwe.