Jibu Lisilotarajiwa na Swali Lisiloulizwa: Mahojiano ya Kiupelelezi katika Tamthilia ya Mfalme Edipode

Tamthilia ya Sophocles iliyotungwa Athens katika karne ya 5 K.K., ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kupitia tafsiri ya Samuel S. Mushi kwa jina la Mfalme Edipode, imehakikiwa zaidi kwa kuzingatia majaaliwa, kiburi cha shujaa na kinaya. Mikabala hiyo ina haki yake. Hata hivyo, imeliacha kando jambo lililo wazi kwa yeyote anayeitazama kazi hii ikiigizwa, kwamba sehemu kubwa ya matukio yake ni mahojiano. Hakuna vita jukwaani wala mauaji yanayotendeka mbele ya hadhira. Mtu mmoja anauliza, wengine wanajibu, na karibu kila jibu lenye uzito ni jibu ambalo muulizaji hakulitarajia. Uhakiki huu unashikilia kwamba Oedipus ni mhoji hodari mwenye kasoro moja: kila jibu la ghafla hulipima kwa shaka aliyonayo moyoni saa ile ile, na lisilohusiana na shaka hiyo huliacha lipite, hata likiwa limebeba ukweli wote.

Dalili ya kwanza inajitokeza mapema. Thebes imekumbwa na tauni, na Creon amerejea kutoka Delphi na kauli ya Apollo kwamba aliyemuua Mfalme Laius asakwe. Creon anaeleza kuwa katika msafara wa Laius alinusurika mtu mmoja tu, naye alisema jambo moja la hakika: waliowashambulia walikuwa wanyang’anyi wengi. Oedipus anapomjibu anamtaja mnyang’anyi mmoja. Wingi umekuwa umoja ndani ya mistari miwili, na hakuna jukwaani anayeshtuka. Wako wahakiki wanaoona hapo kinaya cha kidrama tu, yaani ulimi wa muuaji unajisaliti bila yeye kujua. Kwa upande wa uhojaji, lililotendeka ni zito zaidi, kwani mpelelezi ameubadilisha ushahidi wa pekee alionao kabla ya kumwona shahidi.

Mahojiano na Teiresias yanaonesha namna mbaya kabisa ya kulipokea jibu lisilotarajiwa. Mzee huyo kipofu ameitwa kama mtaalamu, naye anakataa kusema. Oedipus anautafsiri ukimya wake kuwa ni ushiriki katika mauaji. Teiresias, akiwa amechokozwa, anamwambia kwamba muuaji anayetafutwa ni yeye mwenyewe. Hapo mhoji mtulivu angeuliza mambo ya kawaida: umejuaje, ilikuwa lini, ilikuwa wapi? Oedipus anauliza iwapo maneno hayo yametungwa na Creon. Jibu linaachwa, na nia ya mjibuji inageuka kuwa ndiyo mada ya mahojiano. Kosa hili si geni katika vyumba vya mahojiano vya zama hizi. Kuna nukta moja tu ambapo Oedipus anatikisika. Teiresias anapowagusia wazazi wa Oedipus, mfalme anamzuia asiondoke na kumuuliza ni nani waliomzaa. Hilo ndilo swali kuu la tamthilia nzima, na limeulizwa kabla mchezo haujafika nusu. Likajibiwa kwa fumbo, naye akalalamika kuwa mzee anasema mafumbo matupu, kisha akaliacha. Mtu aliyetawazwa kwa sababu ya kulitegua fumbo la Sphinx anashindwa kulifuatilia fumbo linalomhusu mwenyewe.

Baada ya aibu hiyo, mahojiano na Jocasta yanashangaza kwa ustadi wake. Malkia hana nia ya kutoa ushahidi wowote. Anataka kumtuliza mumewe kwa kuthibitisha kuwa utabiri hauna maana, na kwa ajili hiyo anasimulia kwamba Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe, ilhali aliuawa na wanyang’anyi wageni mahali zinapokutana njia tatu. Maneno hayo ya njia panda yamesemwa kwa kupitia tu. Oedipus anayadaka. Anachokifanya baadaye kinastahili kusomwa polepole. Hamweleze Jocasta kilichomshtua. Anauliza kwanza mahali penyewe ni wapi, kisha wakati, kisha umbo na umri wa Laius, kisha idadi ya walioandamana naye, mwishoni anauliza habari hizi zililetwa na nani. Maswali yote ni mafupi na ya wazi, na hakuna hata moja linalompa Jocasta jibu la kulitamka. Baada ya kupata maelezo yote ndipo anaposimulia habari yake mwenyewe ya kumuua mzee mmoja njiani. Laiti angeanza na masimulizi yake, majibu ya Jocasta yangekuwa yamechafuliwa na huruma au hofu, na thamani yake kama ushahidi ingepungua sana.

Pamoja na ustadi huo, kasoro iliyotajwa inajidhihirisha papo hapo. Katika kauli ile ile Jocasta amesema kwamba mtoto wa Laius, kabla hajafikisha siku tatu, alifungwa vifundo vya miguu na kutupwa mlimani. Oedipus ana kovu la vifundoni tangu utotoni, na jina lake lenyewe kwa Kigiriki linabeba maana ya miguu iliyovimba. Halisikii. Jocasta anaongeza kwamba umbo la Laius halikutofautiana sana na la Oedipus, na hilo pia linapita. Sababu haiko katika uziwi wa kiburi, kama inavyodaiwa mara nyingi. Wakati huo Oedipus anaogopa jambo moja, kwamba huenda alimuua Laius. Hajaanza kuogopa kwamba ni mwana wa Laius. Majibu yanayoigusa hofu ya kwanza yanasikika, na yanayoigusa hofu ambayo haijazaliwa yanaanguka chini. Sophocles ameziweka habari hizo mbili katika kinywa kimoja na katika usemi mmoja, na ni vigumu kuamini kwamba alifanya hivyo bila kukusudia.

Mahojiano hayo yanaishia kwa mpango wa wazi. Yule mtu aliyenusurika ni mtumwa wa nyumba ya Laius ambaye, alipomwona Oedipus akitawala, alimsihi Jocasta ampeleke machungani mbali na mji. Aitwe. Oedipus mwenyewe anatoa kipimo: mtu huyo akishikilia kuwa wauaji walikuwa wengi, basi Oedipus si muuaji, kwa kuwa mmoja hawezi kuwa sawa na wengi, akisema alikuwa msafiri mmoja, hatia ni yake. Ni nadra kumpata mpelelezi, katika fasihi au nje yake, anayelitamka waziwazi jibu litakalomwondolea hatia na lile litakalomtia hatiani kabla shahidi hajafika.

Swali hilo haliulizwi kamwe.

Kinachoingilia kati ni jibu jingine lisilotarajiwa. Mjumbe kutoka Korintho analeta habari za kifo cha Polybus akitumaini zawadi. Ili kumwondolea Oedipus hofu ya kumwoa mama yake, anamweleza kwamba Polybus hakuwa babaye, na kwamba yeye mjumbe ndiye aliyevifungua vifundo vilivyotobolewa. Aristotle, katika Poetics, anautumia ujio huu kama mfano wa mgeuko wa hali, kwa kuwa mtu aliyekuja kufariji analeta kinyume chake. Sifa hiyo ni ya haki, ila Aristotle anautazama muundo wa tendo na hagusi kinachoupata upelelezi. Korasi inaeleza kwamba mchungaji aliyempa mjumbe mtoto ni yule yule aliyekwisha kuitwa kuhusu mauaji. Shahidi mmoja sasa ana mambo mawili ya kueleza. Anapofika, anaulizwa moja tu.

Anaulizwa kwa nguvu. Mchungaji anasitasita, na Oedipus anaamuru mikono yake ikunjwe nyuma. Kwa hadhira ya Athens tendo hilo halikuwa geni, kwa maana mahakama zao zilipokea ushahidi wa mtumwa kwa sharti kwamba ametoa maelezo chini ya mateso. Hapa hoja ya wanaoiona tamthilia hii kama mfano wa upelelezi wa kiakili inapata doa. Jocasta aliulizwa kwa utulivu na akatoa mambo mengi kuliko aliyoulizwa. Mchungaji aliyeshurutishwa anatoa kile tu kinachokamuliwa: mtoto alitoka nyumbani kwa Laius, na aliyemtoa ni Jocasta kwa kuuhofia utabiri. Kisha Oedipus anatangaza kwamba yote yamekuwa wazi.

Sandor Goodhart, katika makala ya mwaka 1978, aliutumia mwanya huu kudai kwamba tamthilia haithibitishi kuwa Oedipus ndiye aliyemuua Laius. Dai hilo linavuka mpaka wa matini, kwa kuwa hadhira ya Sophocles ilikijua kisasili na haikuhitaji kuthibitishiwa. Wanaompinga nao wana jibu la haraka mno: wanasema kuwa akishajulikana kuwa mwana wa Laius, utabiri umetimia na swali la idadi halina kazi tena. Hoja hiyo inamfanya Apollo awe shahidi badala ya mchungaji. Oedipus aliyetoa kipimo cha mmoja na wengi asingeikubali. Oedipus aliyekwisha kuvunjika moyo anaikubali bila kuitamka. Mabadiliko hayo ya mtu yule yule ndiyo mahali ambapo anguko la shujaa linapaswa kuchunguzwa, kwa kuwa ndipo anapoacha kuuliza.

Mwongozaji wa jukwaa hawezi kulikwepa jambo hili kama mhakiki anavyoweza. Mchungaji alisimama njia panda siku ya mauaji na anaijua idadi. Mwigizaji wake lazima aamue kama mzee huyo, mikono yake ikiwa imeachiliwa, anasubiri aulizwe au anashukuru kwamba hakuulizwa, kisha atoke nayo.