Tuache kumaliza TFC na "watu wahamasishwe"



Karibu kila TFC inayoandikwa kwetu juu ya kodi za komine iko na mwisho mmoja. Sura ya kwanza inaeleza maneno: empo ni nini, takse ni nini, komine ni nini. Sura ya pili inapanga majedwali: franga zilizotarajiwa, franga zilizoingia, asilimia. Sura ya tatu inasema mapato ni kidogo juu watu hawana mazoea ya kulipa. Kisha njo yanakuja mapendekezo: Leta ihamasishe watu. Juri inauliza maswali mawili matatu, inatoa pointi, tunapiga picha na familia, na kazi inaingia kabatini.

Sichekelei wanafunzi. Kupata karatasi za mapato kwenye biro ya komine ni vita, na kuandika bila umeme ni vita ingine. Shida iko kwa lile neno moja, "kuhamasisha". Linamuhukumu mwenye nyumba mbele ya kumusikiliza. Linasema: huyu hajui. Na kama shida ni kutojua, basi hakuna haja ya kuuliza pesa yake inaenda wapi, nani aliweka bei, na nani anaweza kufukuzwa kazi kama mtaro unajaa uchafu.

Tuchukue kodi ya nyumba na parseli, ile watu wanaita fonsie. Mwalimu mwenye nyumba kwenye mji mdogo anaona barabara mbele ya mlango wake, mtaro, soko, kisima. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya ETD inasema kila makao makuu ya teritwari ni komine. Kwa hiyo Fizi, Walikale, Kongolo na Manono, kwenye karatasi, zote ziko komine, na zinapaswa kuwa na baraza la washauri, burgumestri na bajeti. Sheria ile ile inaipa komine mambo ya kila siku: barabara za mtaa, masoko, visima. Kwa hiyo mwalimu yetu anafikiri, na ana haki ya kufikiri hivyo, kwamba akilipa fonsie, komine itachimbua mtaro.

Lakini fonsie si ya komine. Katiba ya 18 Februari 2006, kwenye kifungu cha 204, inaiweka kati ya mambo ya provinsi, pamoja na kodi ya mapato ya kupangisha nyumba na kodi ya magari. Msingi wake ni sheria ya 10 Februari 1969, ambayo ina umri kuliko wazazi wa wengi wetu. Ajenti anayegonga mlango ni wa provinsi. Franga inapanda kwenda makao ya provinsi. Na burgumestri, yule mwalimu anayekutana naye sokoni na kumulalamikia, ile pesa hakuishika.

Mtu atasema: sawa, inapanda, lakini itarudi. Tuhesabu. Katiba, kifungu cha 175, inasema provinsi ibakize 40% ya mapato ya kitaifa, tena ikate yenyewe hapo hapo bila kungojea Kinshasa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba ETD zipate 40% ya ile sehemu ya provinsi. Maana yake, kwa kila franga 100, franga 40 ni za provinsi, na ndani ya hizo 40, franga 16 ni za miji, komine, sekta na sheferi zote pamoja. Njo sheria. Katika maisha ya kweli, ile kukata hapo hapo haikufanyika. Pesa inapanda kwanza, kisha inarudi kwa jina la retrosesio, kidogo na kwa kuchelewa, au hairudi. Kwa hiyo komine inaishi na nini? Inaishi na mama wa soko. Jetoni ya kila siku, takse ya meza, takse ya mkokoteni. Mwenye nyumba ya ghorofa anapitwa, muuza mboga anasimamishwa kila asubuhi. TFC yenye kusema "watu hawalipi" ingeanza kwa kuuliza: watu gani?

Juu watu wanalipa. Angalia maji. Kule Kinshasa kuna ASUREP, vyama vya watumiaji wa maji, vyenye kuchimba kisima, kujenga mabomba ya watu wote na kuuza maji kwa ndoo. Mama anatoa franga, ndoo inajaa, anaenda. Hakuna megafone iliyopita kumuhamasisha. Yeye mwenyewe anajua bei, anajua muuzaji, na siku maji yakikosa anajua mlango wa kugonga. Mambo matatu hayo njo fonsie inakosa.

Tusifanye haraka, lakini. Kuna wasomi wenye kutoa fundisho baya kwa mfano huo: basi kila kitu kiuzwe kama ndoo. Mtaro hauuzwi kwa ndoo. Asiyelipa, maji ya mvua yanapita kwake vilevile. Na mtaro ukiziba kwa jirani, wewe uliyelipa njo unaingiliwa nyumbani. Kwa mambo ya namna hiyo kodi ya lazima haina mbadala. Swali ni namna ya kuipa kodi yale mambo matatu ya ndoo: bei inayoeleweka, mtu anayejulikana, na mlango wa kugonga.

Hapa iko utafiti ambao kila mwanafunzi wa uchumi na wa sayansi ya siasa angepaswa kusoma, na ulifanyika hapa hapa Kongo. Ni ule wa Kananga, kwenye Kasaï-Central, ulioongozwa na Jonathan Weigel, kisha pamoja na Augustin Bergeron, Gabriel Tourek na wengine. Kananga si mji mdogo, lakini biro yake ya kodi ilikuwa na udhaifu ule ule tunaoujua.

Mwaka 2016, provinsi ilituma maajenti mlango kwa mlango, lakini katika mitaa iliyochaguliwa kwa kura tu. Mahali hawakupita, waliolipa fonsie walikuwa 0.1% ya wenye nyumba. Mahali walipita, 11.6%. Hiyo ni kubwa, na ni ndogo vilevile: karibu tisa kati ya kumi hawakulipa bado. Lakini jambo lenye kunigusa ni lingine. Watu wa ile mitaa iliyoombwa kodi walianza kujitokeza zaidi kwenye mikutano na serikali ya provinsi, na kujaza zaidi karatasi za kusema kazi yake iko namna gani. Kumbe kuombwa kodi kunamuamsha mtu. Alikuwa anaichukua Leta kama mvua, inakuja au haikuje. Sasa anaiona kama fundi aliyekula avansi.

Mwaka 2018 wakajaribu kitu kingine: katika mitaa fulani, kodi ilikusanywa na mashefu wa mtaa, kwingine na maajenti wa Leta. Mashefu walileta mapato 44% zaidi. Siri haikuwa kuhubiri. Shefu anajua nani amepata mshahara wiki hii, nani ana mgonjwa, nani anadanganya kwamba mwenye nyumba amesafiri. Anapita kwa yule anayeweza kulipa.

Kampeni hiyo ya 2018 iliangalia bei pia. Nyumba ya vifaa vya kawaida ilikuwa inalipa franga 3.000 kwa mwaka, na nyumba nzuri 13.200. Kwa kura tena, wengine walipunguziwa. Matokeo: bei ikishuka, walipaji wanaongezeka mpaka pesa yote inayoingia inakuwa nyingi kuliko mbele. Kwa hesabu yao, bei yenye kuingiza pesa nyingi zaidi ilikuwa karibu theluthi moja chini ya ile iliyokuwepo. Soma hiyo tena, wewe uliyeandika "hawana mazoea ya kulipa". Mtu alikuwa tayari. Bei njo ilikuwa juu ya mkono wake.

Sasa na utafiti huo tuuchambue, tusiuabudu. Kwanza, waliuliza nani analipa na nani anashiriki. Swali lao halikuwa mtaro gani ulichimbuliwa. Ni haki yao kuchagua swali, lakini mwenye nyumba wa Kongolo swali lake ni mtaro. Pili, tuangalie hatari ya kuchukua nusu ya somo. Mkubwa yeyote atapenda kusikia ile ya 44%: wape mashefu kitabu cha kitansi, pesa ipande. Ile ya watu kuamka na kuuliza haitampendeza sana. Ukichukua ya kwanza ukaacha ya pili, unamfanya shefu wa mtaa kuwa mkono mwingine tu wa Leta, kama wakati wa Bulamatari, ambapo shefu alikuwa mkusanya kodi kwanza na baba wa watu baadaye. Na ule ujuzi wake wa kila nyumba unaweza kugeuka kisu: asiyempenda analipishwa, ndugu yake anasahauliwa.

Tatu, na hili ni kubwa: watu wakiamka, wamuulize nani? Uchaguzi wa 20 Desemba 2023 ulileta washauri wa komine, lakini kwenye sehemu tu ya komine, zile za miji mikuu ya provinsi. Kwenye miji midogo burgumestri bado anateuliwa kutoka juu. Aliyemteua njo anamuogopa, si yule anayelipa. Unaweza kuhamasisha mtaa mzima. Siku watu watasimama kuuliza, watakuta mlango hauna mtu mwenye lazima ya kujibu.

Hiyo njo kasoro ya TFC zetu. Zinachukua shida ya madaraka na kuifanya shida ya tabia. Tena zinafanya hivyo kwa faida ya nani? Ya yule yule aliyepaswa kuulizwa. Mkubwa hachukii kazi yenye kusema raia hajui. Anaipongeza, anaipigia muhuri.

TFC nzuri ingefanyaje? Isichukue provinsi nzima, ichukue soko moja. Ihesabu meza kwa siku saba. Iandike jetoni ni franga ngapi, na nani hapewi jetoni lakini anatoa pesa. Izidishe. Kisha iende biro ya komine na kulinganisha na kile kilichoandikwa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni sura ya tatu, tena yenye thamani kuliko kurasa 20 za maana ya maneno. Au ichukue avenii moja: nyumba ngapi, za namna gani, nani alipata karatasi ya kodi, nani alilipa bila kupewa kitansi, nani alikataa na kwa maneno gani. Maneno yake yaandikwe vile aliyasema. Kama anasema "mutaro kwanza", hiyo si ujinga. Ni sharti, na sharti linaweza kujadiliwa mezani.

Mapendekezo nayo yawe ya kushikika. Orodha ya bei ibandikwe kwenye mlango wa biro, kwa Kiswahili. Karatasi ya kila mwezi ikae pembeni yake: imeingia hii, imetoka hii, imefanya hii. Provinsi ikubali sehemu ya fonsie ibaki kwenye komine ile ile ilikotoka, na kila mtu aione. Mashefu wa mtaa waonyeshe nani wa kupitia, lakini pesa iingie banki au kwa simu, isikae mfukoni mwao. Na uchaguzi wa washauri ufike mpaka Walikale, juu bila hiyo yote mengine ni mapambo.

Wengi wetu tutaishia kwenye hizo biro. Wengine wako humo tayari, nouvelle unité bila mshahara, wakiishi kwa kile mlipaji anaacha mezani. Tukiingia humo na lile somo la kwamba raia ni mjinga, tutamfanya vile tulivyomuandika. Wewe unayeandika mwaka huu, mbele ya kufunga ukurasa wa mwisho, peleka jedwali lako kwa mama mmoja wa soko lile uliloandika. Muonyeshe namba. Swali atakalouliza, njo liandike kwenye konkliziyo.