Mgema Asiyesifiwa

Methali inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeifundisha kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu, na sina ugomvi nayo kwa watu wa pwani walioitunga. Lakini kwa mgema wa ulanzi wa huku kwetu Njombe naona mambo yamekwenda kinyume: yeye hulitia maji kwa sababu hakuna aliyewahi kumsifu.

Wazo hili nimelipata kwenye chupa ya wiski. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, aliniletea Springbank ya toleo linaloitwa Local Barley, maana yake shayiri ya hapohapo. Hutolewa kwa uchache, na likiisha limekwisha. Chupa niliyopewa ni ya mwaka 2017, pombe yake ikiwa imelala katika mapipa ya mwaloni miaka 11. Kibandiko kinataja aina ya shayiri, bere, mbegu ya kale ya Uskoti, na kinataja pia shamba ilikovunwa, Aros. Nilikisoma kibandiko kile mara mbili kabla ya kufungua kizibo. Ni nadra kukuta kinywaji kinachotaja mkulima wake.

Kwa mnywaji wa komoni, kazi yenyewe si ngeni. Shayiri hulowekwa, ikaachwa ichipue, ikakaushwa kuwa kimea. Kimea husagwa, kikatolewa utamu kwa maji ya moto, ukachachuliwa, kisha hukenekwa katika mitungi ya shaba. Kinachoitofautisha Springbank ni kwamba kazi yote hiyo, toka kimea hadi kuijaza chupa, hufanyika mahali pamoja, na shayiri huoteshwa sakafuni ikigeuzwa kwa majembe ya mti. Kiwanda kilianza mwaka 1828 katika mji mdogo wa Campbeltown na kwa muda mrefu kilikuwa mikononi mwa ukoo mmoja.

Je, tamu? Nasema ndiyo, tena bila kusitasita. Harufu ya kwanza ni ya uji wa nafaka iliyokaangwa. Halafu huja chumvi kidogo, kama upepo wa baharini, na moshi wa mbali sana. Ukiongeza maji kijiko kimoja hujitokeza ganda la chungwa lililokauka. Bei yake siitetei. Sehemu kubwa ya bei hiyo ni ya uhaba, na wapo wanaonunua chupa hizi wakazifungia kabatini wapate kuziuza ghali zaidi; kwangu mimi huo ni upuuzi, maana pombe isiyonywewa haina tofauti na kitabu kisichosomwa.

Hata hivyo, kitu kilichonigusa zaidi ya ladha ni habari za mji wenyewe. Campbeltown iliwahi kuwa na viwanda zaidi ya 30. Marekani ilipopiga marufuku pombe kati ya mwaka 1920 na 1933, inasemwa baadhi ya wenye viwanda wa mji huo walifanya haraka, wakatengeneza pombe hafifu kwa wanunuzi wasiouliza maswali, na jina la mji likaharibika. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 vilibaki viwili tu. Leo viko vitatu. Hao ndio wagema wa methali yetu hasa: walisifiwa, wakatia maji, wakafunga milango. Waliobaki wamejifunza kuandika jina la shamba kwenye chupa.

Sasa tuje Yakobi. Ulanzi nao una msimu. Mvua zikishika, kuanzia Desemba hivi, mianzi huchipua. Mgema hukata ncha ya chipukizi changa, akafunga mbeta ya mwanzi chini yake, naye hurudi asubuhi na jioni kukwangua kidogo ili jeraha lisizibe. Kufikia Mei au Juni mambo yamekwisha hadi mwakani. Hauhitaji hamira wala moto. Ukitoka asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto huonjeshwa. Jioni umeanza kuuma ulimi. Kesho yake ni mkangafu, na keshokutwa umekuwa siki. Wiski husubiri miaka 11. Ulanzi husubiri saa 11, basi. Ni nani mwenye toleo la uchache hapo?

Ukiuonja ule wa kichaka kilichotunzwa, ambacho mianzi mikuukuu imepunguzwa na mbeta zimeoshwa, unakuta ubichi wa jani, utamu usiokwama kooni, na mwishoni ukali mdogo kama wa ndimu. Ule wa bondeni ni mwepesi kuliko wa mlimani. Wazee wa Kibena waliweza kukuambia umetoka kwa nani. Kisha hupakiwa madumuni ukapelekwa Makambako, njia panda ya malori, na huko wa Yakobi, wa kwingineko, wa leo na wa juzi humiminwa katika pipa moja la plastiki. Ukiuliza umetoka wapi, unajibiwa, "Ulanzi ni ulanzi tu, mzee." Hapo mgema mzuri na mzembe wamelipwa bei moja, na mzuri amepata hasara ya usafi wake.

Wapo wanaoshauri utiwe katika chupa kiwandani. Nina mashaka. Ili ulanzi usiendelee kuchacha chupani, lazima uuchemshe au uukaushe nguvu kwa dawa, na hapo umeua kile kile kinachokufanya uuonje asubuhi na jioni ukakuta vinywaji viwili tofauti. Kitu cha kuiga Uskoti ni kibandiko. Chupa waachiwe wenyewe. Dumu likiandikwa kwa mkaa jina la kichaka na siku ya kugemwa, gharama yake ni nini?

Haraka ipo, kwa sababu vichaka vinaondoka. Mwenye shamba hupiga hesabu: parachichi lina mnunuzi anayepanga madaraja na kulipa kwa daraja, mbao za msindano zina mnunuzi, lakini ulanzi bora haulipwi senti zaidi ya ulanzi mbovu. Mimi katika nafasi yake pia ningeng'oa mianzi.

Kwa hiyo nikinunua, huuliza: kichaka cha nani, umegemwa lini, mbeta imeoshwa na nini? Mwanzoni walicheka, wakidhani mwalimu mkuu mstaafu amekosa darasa la kusimamia. Msimu uliopita muuzaji mmoja hapa Yakobi alianza kuniwekea kando dumu la kichaka kimoja, cha mama mjane ng'ambo ya kijito. Nilimwongezea bei. Wiki ya pili, wateja wengine wawili waliliulizia dumu hilo.