Mbele ya Kamera ya Oza

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, Unguja. Alimpiga picha Sultani, akawapiga na raia: maharusi, familia zilizovaa nguo za Idi, vijana waliochana nywele zikalala. Baadaye mwanawe, Rohit, akaishika kazi.

Hapo ndipo ninapoivulia kofia fani hii. Kuchorwa kulitaka ukwasi. Picha ilitaka nguo safi na kutulia kidogo (watoto ndio walioitaabisha kamera). Leo simu imeondoa hata safari ya studio, na wapo wanaonung'unika kwamba kila mtu kajifanya mpiga picha. Na ajifanye! Ila picha za bibi yako usiziache kwenye simu itakayoanguka majini. Zipeleke zikasafishwe, uzitie kwenye albamu.