Je, Maji Yaliyomwagika Yanazoleka? Uhakiki wa The Ministry for the Future

Riwaya ya The Ministry for the Future, iliyochapishwa mwaka 2020, ni kazi ya Mmarekani Kim Stanley Robinson. Inaanza kwa joto kali nchini India linaloua watu milioni 20. Baada ya msiba huo, India inatuma ndege kumwaga salfa angani ili kupunguza makali ya jua, kwa kuiga mlipuko wa volkano ya Pinatubo wa mwaka 1991. Tukio hilo linasisimua, lakini kufifisha jua hakuondoi hewa ukaa. Kazi ya kuiondoa mwandishi anaikabidhi kwa fedha.

Mhusika mkuu, Mary Murphy, anazishawishi benki kuu za dunia zitoe sarafu ya kaboni: sarafu moja kwa kila tani iliyozuiwa isiingie hewani au iliyoondolewa. Hapa mwandishi amefaulu. Anaonyesha kwamba hata mtambo mzuri kiasi gani hauendi bila siasa na mlipaji.

Kasoro ni kwamba sarafu hiyo inalinganisha vitu visivyolingana. Tani ya mafuta iliyoachwa ardhini haijamdhuru mtu. Tani iliyofichwa kwenye udongo au miti inaweza kurudi hewani msitu ukiungua. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Riwaya inaelekea kuamini kwamba yanazoleka yote, mradi mzoaji alipwe.

Tuupime ukweli nje ya riwaya. Nchini Iceland, mtambo wa Mammoth ulianza kazi mwaka 2024. Hewa ukaa inayonaswa huyeyushwa katika maji na kusukumwa ndani ya miamba ya basalti, ambako hugeuka jiwe. Ufundi huo ni wa kweli. Lakini mtambo uliundwa kunasa tani 36,000 kwa mwaka, wakati dunia hutoa takribani tani bilioni 37 kwa kuchoma makaa, mafuta na gesi. Ingehitajika mitambo zaidi ya milioni moja ya ukubwa huo.

Sisi wasomaji wa Uganda hatuwezi kuisoma riwaya hii kama hadithi ya mbali. Ndani yake, nchi zenye mafuta zinalipwa ziyaache ardhini. Sisi hatuna wa kutulipa, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga limepangwa kuyapeleka mafuta yetu sokoni. Wenye viwanda, huku wakisubiri mitambo ya kesho, wanapata kisingizio cha kuchoma leo. Na ukame na mafuriko hayatasubiri.

Kwa hiyo naipongeza riwaya kwa kuuliza nani atalipa. Ilipaswa pia kuuliza kwa nini anayezoa alipwe sawa na aliyekataa kumwaga.