Istilahi za Michezo ya Mbio za Magari: Uhakiki

Miongoni mwa maneno yanayowakabili wafasiri siku hizi yamo yale ya michezo ya video ya mbio za magari, hasa michezo inayobeba majina ya madereva wa kulipwa. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya watoto, wala hayastahili kurasa hizi. Sisi hatuoni hivyo. Kijana wa Bisibo, mkoani Kagera, akipewa jina lisilo sahihi la kitu asichopata kukiona, atakuwa amefundishwa jambo lisilo sahihi.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mwaka 2000 kampuni ya Codemasters ya Uingereza ilitoa mchezo uitwao Colin McRae Rally 2.0, na Kenya ni mojawapo ya nchi ambamo mchezaji hushindana. McRae, bingwa wa dunia wa mwaka 1995, alikuwa amekwisha kushinda mbio za Safari mwaka 1997 na 1999, akiwa na Nicky Grist kando yake. Na sauti ya Kiingereza imwongozayo mchezaji ni ya Grist huyo huyo.

Kwanza, neno "langalanga". Limezoeleka kwa magari ya Formula One, yanayoanza pamoja na kuzunguka njia moja maalumu. Katika Safari magari huondoka moja moja, na mshindi hupatikana kwa kulinganisha muda. Kuyaita yote langalanga ni kufuta tofauti hiyo. "Mbio za magari" libaki jina la jumla, na aina hii ya pili iitwe "rali".

Pili, "msoma ramani". Kazi ya Grist haikuwa kusoma ramani. Alisoma maelezo yaliyoandikwa kabla ya mbio, yakitaja kila kona, ukali wake na umbali wa kuifikia. Neno "mwelekezi", litumikalo Kenya, linatokana na kazi yenyewe. Hapana sababu ya kuliacha.

Tatu, "mchezo wa McRae". Kiungo hiki "wa" chaweza kuonyesha mtunzi, mchezaji, au mwenye jina tu. Heri kusema "mchezo wenye jina la McRae". Vivyo hivyo "dereva" abaki yule wa barabarani, na aketiye mbele ya mashine aitwe "mchezaji". McRae alifariki mwaka 2007, lakini mchezo bado waweza kuchezwa. Lugha isiyotenga wawili hao itamfanya marehemu aendelee kushinda.

Mwisho, neno "Safari" lenyewe. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zile za mwaka 2002, alizoshinda McRae kwa mara ya tatu, zilikuwa na zaidi ya kilomita 1,000 za kushindania, katika barabara zisizofungwa kwa watu wala mifugo. Katika mchezo, kipande cha njia humalizika kwa dakika chache. Mfasiri na aandike "kipande cha Kenya", asiandike "Safari". Neno hili tuliwapa walimwengu likiwa na maana ya mwendo mrefu. Si haki turudishiwe limefupishwa, nasi tulipokee bila kulipima.